Duara jekundu kwenye dashibodi: jinsi ya kusasisha tovuti bila kuivunja

Ukipata nafasi ya kuchungulia dashibodi, yaani ukurasa wa ndani wa kuisimamia tovuti, ya shule fulani upande wa Nyakato hapa Mwanza, ya nyumba ya wageni Capri Point au ya SACCOS ya wachuuzi wa samaki Kirumba, kuna mambo mawili utakayoyakuta mara kwa mara. La kwanza ni duara jekundu lenye namba, linalokujulisha kwamba kuna masasisho yanasubiri. La pili halionekani kwenye skrini. Ni agizo la fundi aliyeijenga: "Mwalimu, hiyo usiiguse mpaka nije." Basi haiguswi. Fundi amehamia Dodoma, simu yake haipatikani, na namba ndani ya duara inazidi kupanda.

Siwalaumu wanaoogopa. Wengi wao wameshuhudia tovuti ikisasishwa asubuhi na kufikia mchana imebaki ukurasa mweupe usio na hata neno moja. Nataka kueleza kwa nini hali hiyo hutokea, waundaji wa mifumo hii wamefanya nini kuipunguza, na kwa nini sehemu kubwa ya wepesi au ugumu wa kusasisha huamuliwa siku tovuti inapojengwa, kabla hata duara jekundu halijajitokeza. Nitazungumzia zaidi WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti, maana kwa hesabu za W3Techs, wanaopima matumizi ya teknolojia za tovuti, ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na ndiyo mafundi wetu wengi wanayoanza nayo. Drupal na Joomla, mifumo mingine ya aina hiyo, nitazileta pale zinapofundisha kitu cha pekee.

Uhuru wa kubadilisha na gharama yake

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayokaa kwenye seva na kumwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuchapisha habari, picha na matangazo. WordPress ilitolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, wakiendeleza programu iliyotangulia, b2. Iko chini ya leseni ya GPL: yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Ruhusa hiyo ya kubadilisha ndiyo nguvu ya programu huria, na kwenye suala la kusasisha ndiyo pia mwanzo wa matatizo. Fundi wa Makoroboi aliyeombwa nembo ya shule ikae kulia badala ya kushoto anaweza kufungua faili yoyote na kubadilisha mistari miwili. Inakubali palepale. Mteja anafurahi, analipa, na mistari ile inakaa kimya hadi siku ya kusasisha.

Ili kuelewa kitakachotokea siku hiyo, tuifungue tovuti yenyewe. Kwenye seva kuna kiini, yaani programu kama ilivyotoka kwa waundaji. Kuna plagini, programu ndogo za nyongeza kama fomu ya kujiunga au kalenda ya mihula. Kuna themu, inayoamua sura. Halafu kuna vitu vyenu wenyewe: picha na nyaraka zilizo kwenye folda, na maandishi yote yaliyomo kwenye hifadhidata. WordPress inaposasisha kiini hubadilisha folda mbili, wp-admin na wp-includes, pamoja na faili kadhaa zilizo nje ya hizo. Haigusi wp-config.php yenye nenosiri la hifadhidata, wala folda ya uploads yenye picha zenu. Lakini ikisasishwa themu, folda nzima ya themu hiyo huondolewa na mpya kuwekwa mahali pake. Plagini nazo ni hivyohivyo.

Sasa rudi kwenye ile mistari miwili. Ikiwa fundi aliiandika ndani ya faili ya themu, imekwenda na maji. Nembo imerudi kushoto, namba ya kulipia ada aliyoichomeka chini ya ukurasa imepotea, na mkuu wa shule anasema sasisho limeharibu tovuti. Sasisho limefanya kile kilichoandikwa kwamba litafanya. Mabadiliko ndiyo yaliwekwa mahali panapofutwa.

Mahali pasipofutwa papo. Kwa mambo ya sura kuna kitu kinachoitwa themu mtoto: folda ndogo inayoitaja themu nyingine kuwa mzazi wake, ikibeba yale tu yanayotofautiana na mzazi. Mzazi akisasishwa, mtoto haguswi. Kwa mambo ya utendaji kuna ndoano. WordPress inapotengeneza ukurasa hupita vituo vingi, na kwenye kila kituo huuliza kama kuna plagini yenye neno la kusema hapo. Fundi anayetaka namba ya malipo itokee chini ya kila ukurasa huandika plagini fupi ya mistari michache, akaitundika kwenye ndoano ya mwisho wa ukurasa. Kiini hakijaguswa, themu haijaguswa, na matokeo kwa macho ya mzazi wa mwanafunzi ni yaleyale.

Tofauti ya muda kati ya njia hizi mbili siku ya kujenga ni ndogo sana. Baada ya miaka mitatu ni tofauti kati ya tovuti inayosasishika na isiyosasishika. Ningemshauri kila anayelipia tovuti kumuuliza fundi swali moja kabla ya malipo ya mwisho: "Mabadiliko yetu umeyaweka wapi?" Jibu likiwa "ndani ya themu yenyewe", kazi haijaisha.

Namba iliyofichika kwenye hifadhidata

Faili ni nusu ya habari. Kuna matoleo yanayohitaji maandishi yenu yapangwe upya ndani ya hifadhidata. Mfano mzuri ni WordPress 2.3 ya Septemba 2007, ilipoleta lebo za makala. Majedwali ya zamani ya makundi yaliachwa, na habari zake zikahamishiwa kwenye majedwali mapya yenye mpangilio tofauti kabisa. Mtumiaji wa kawaida hakuona kitu, ila plagini zilizokuwa zikisoma majedwali ya zamani moja kwa moja zilizima siku hiyohiyo.

Jambo hilo hufanyika kwa utaratibu unaopendeza ukiuelewa. Hifadhidata ina namba inayoeleza imefikia mpangilio gani. Kwenye WordPress inaitwa db_version. Faili mpya zikishawekwa, programu hulinganisha namba yake na ile iliyomo kwenye hifadhidata. Ikikuta ya hifadhidata iko nyuma, hutekeleza hatua za mabadiliko moja baada ya nyingine mpaka namba zilingane. Drupal hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kila nyongeza ina namba na hatua zake yenyewe.

Hatua hizo huenda mbele tu. Hakuna hatua za kurudi nyuma. Ndiyo maana kurudisha faili za zamani baada ya sasisho kukwama hakutoshi: utakuwa na programu ya jana inayosoma hifadhidata ya leo. Bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyo kamili ni ya faili na hifadhidata, zote za saa ileile, na isikae kwenye seva ileile inayolindwa. Nasisitiza hili kwa sababu taasisi nyingi zina folda iliyopakuliwa kwenye diski ya ofisini na zinaamini ni bakapu. Fungua folda hiyo, tafuta habari ya mahafali ya mwaka juzi. Picha utaziona, ila habari yenyewe haimo, kwa sababu maneno hayakai kwenye faili.

Bando lako haliliwi

Kuna hofu nyingine ambayo naisikia sana kwa watu wanaosimamia tovuti kwa simu, hasa wa visiwani Ukerewe na upande wa Buchosa: kwamba ukibonyeza kusasisha, megabaiti zaidi ya 20 za WordPress zitapita kwenye laini yako. Hazipiti. Seva ya kampuni inayoihifadhi tovuti, iwe Dar es Salaam, Ujerumani au Marekani, ndiyo inayokwenda kupakua toleo jipya. Simu yako imetuma amri na inapokea taarifa za maendeleo, basi.

Hofu hiyo ina mizizi ya kweli, lakini ya zamani. Kabla ya WordPress 2.7, iliyotoka Desemba 2008, kiini hakikuwa na kitufe cha kujisasisha. Ulipakua kifurushi kwenye kompyuta yako, ukakifungua, ukafuta folda za zamani kwenye seva kwa FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta na seva, kisha ukapandisha mpya, faili moja moja, mamia kwa mamia. Wakati huo Tanzania ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam ukaanza kazi Julai 2009. Mtu aliyekuwa akipandisha faili kutoka mgahawa wa intaneti mjini Mwanza alijua kwamba mtandao ukikatika katikati, au umeme ukizimika, tovuti inabaki nusu toleo la zamani na nusu jipya, na hakuna hali mbaya kuliko hiyo. Naamini woga wetu mwingi wa leo ulirithiwa kutoka kwa mafundi wa enzi hiyo, nao walikuwa na haki ya kuogopa.

Seva inapofanya kazi hii yenyewe, kuna jambo moja dogo ambalo bado hushtua watu. WordPress huweka faili iitwayo .maintenance wakati inabadilisha vitu, na mgeni anayefika dakika hizo huona ujumbe kwamba tovuti iko kwenye matengenezo. Shughuli ikikatika, faili hiyo hubaki. Haina haja ya kumpigia mtu simu usiku: baada ya dakika 10 WordPress huacha kuitii, na ukitaka haraka zaidi unaifuta kupitia meneja wa faili wa hosti yako, yaani kampuni inayoihifadhi tovuti. Kisha unasasisha tena.

Saa saba za Oktoba 2014

Wapo wanaosema tovuti ikiwa inafanya kazi iachwe ilivyo. Jibu langu ni tukio moja. Tarehe 15 Oktoba 2014 kikosi cha usalama cha Drupal kilitangaza tundu kwenye Drupal 7 lililomwezesha mtu yeyote, bila hata kuwa na akaunti, kuamrisha hifadhidata ya tovuti. Dawa ilitolewa pamoja na tangazo. Wiki mbili baadaye kikosi hicho kilitoa tamko zito: tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikuwekewa dawa ndani ya saa 7 tangu tangazo ichukuliwe kuwa imeshavamiwa.

Ukali huo unatokana na asili ya programu huria yenyewe. Msimbo uko wazi kwa wote, hivyo dawa ikitoka, yeyote anaweza kulinganisha toleo la jana na la leo, akaona mstari uliorekebishwa, na akajua tundu lilikuwa wapi. Kisha huandika roboti ya kuzunguka mtandaoni kutafuta wasiosasisha. Roboti haichagui, tovuti ya kikundi cha wafugaji wa samaki wa vizimba inagongwa sawasawa na ya benki. Na hakuna fundi anayeweza kuahidi kufika ndani ya saa 7, tena usiku. Ni mashine peke yake inayoweza kuwahi.

WordPress ilikuwa imeshachukua hatua hiyo mwaka mmoja kabla. Toleo la 3.7, Oktoba 2013, lilianza kujisasisha lenyewe kwa marekebisho madogo. Hapa inafaa kujua kusoma namba zao: 6.6 ni toleo kubwa lenye mambo mapya, 6.6.1 na 6.6.2 ni marekebisho yake. Yale madogo huingia bila mtu kubonyeza kitu. Mwaka 2020, toleo la 5.5 likaruhusu plagini na themu kujisasisha kwa mwenye tovuti kuchagua, na 5.6 likaziwekea tovuti mpya kujisasisha hata kwa matoleo makubwa.

Ukiitegemea mashine hii, jua tabia yake moja. WordPress haina saa yake yenyewe. Huangalia masasisho mara mbili kwa siku, lakini kinachoiamsha ni mgeni kufungua ukurasa. Nyumba ya wageni inayotembelewa na watu wachache mtandaoni inaweza kuchelewa kwa sababu hiyo tu. Hosti nyingi zina sehemu ya kupanga kazi za kila saa. Fundi aipange iiamshe WordPress, na tatizo limekwisha.

Kuna na suala la sheria, ambalo wakurugenzi wengi hawajalitazama kwa jicho hili. Fomu ya kujiunga iliyo kwenye tovuti ya shule hukusanya majina ya watoto na simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Tovuti iliyoachwa bila kusasishwa kwa miaka mitatu ni mlango ulio wazi kwenye taarifa za watu wengine, na kusema fundi alikataza kugusa sidhani kama kutamsaidia mtu mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Barua pepe ya nani?

Maboresho mawili yaliyofuata yameondoa sababu kubwa kabisa ya woga, ila yanategemea kitu kimoja kisicho cha kiufundi.

La kwanza lilikuja na toleo la 5.2, Mei 2019. Zamani plagini moja mbovu iliweza kuizima tovuti nzima pamoja na dashibodi, hivyo hata kuingia ukaizime ilishindikana. Ule ukurasa mweupe ndio huo. Tangu 5.2, WordPress ikigundua kosa la namna hiyo hutuma barua pepe yenye kiungo maalumu. Ukikifungua unaingia kwenye dashibodi huku plagini yenye kosa ikiwa imesimamishwa kwa ajili yako, na unaweza kuizima kabisa. La pili ni kurudisha nyuma. Toleo la 6.3 la 2023 lilianza kurejesha plagini ya zamani pale sasisho la mkono linaposhindikana, na 6.6 la Julai 2024 likafanya hivyo kwa masasisho ya kujiendesha: plagini mpya ikisababisha kosa la kuizima tovuti, ya zamani hurudishwa, na taarifa hutumwa.

Hutumwa kwa nani? Kwa anwani ya msimamizi iliyoandikwa siku ya kujenga. Kwenye tovuti nyingi nilizoziona, anwani hiyo ni ya fundi. Kiungo cha kuiokoa tovuti ya Sengerema kinatumwa kwa mtu aliyeko Dodoma ambaye hata anwani hiyo ameshaiacha. Kazi yote ya waandishi wa msimbo duniani inaishia kwenye kisanduku kisichofunguliwa. Nenda leo kwenye mipangilio ya jumla, badilisha anwani iwe ya ofisi, isomwe na zaidi ya mtu mmoja, kisha thibitisha kwa kiungo utakachotumiwa. Sijui jambo jingine la dakika tano lenye faida kubwa kama hilo.

Kutunza ahadi kwa njia mbili

Tatizo gumu zaidi hubaki kwa waundaji wenyewe: wabadilishe programu kiasi gani bila kuwaacha nyuma waliojenga juu yake?

Drupal, iliyoanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert mwaka 2001, kwa muda mrefu ilichagua kubadilisha bila kusita. Kila toleo kubwa lilivunja nyongeza za toleo lililopita. Kilele kilikuwa Drupal 8 ya Novemba 2015, iliyojengwa upya juu ya Symfony, mkusanyiko wa vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumika. Kwa msimbo ilikuwa bora sana. Kwa mwenye tovuti ya Drupal 7 ilimaanisha kujenga tovuti nyingine tangu mwanzo na kuhamishia maudhui huko. Wengi hawakuwa na fedha hizo, wakabaki. Mwisho wa kuhudumiwa kwa Drupal 7 ulipangwa Novemba 2021, ukaahirishwa na kuahirishwa tena, hadi ulipofika tarehe 5 Januari 2025, miaka 14 kamili tangu ilipotolewa.

Walijifunza. Kuanzia Drupal 8, kipande cha msimbo kikitakiwa kuondolewa, kwanza kinawekwa kipya kando yake, cha zamani kinapewa alama kwamba muda wake unaisha, na vyote viwili vinafanya kazi mpaka toleo kubwa linalofuata. Drupal 9 ya Juni 2020 ilikuwa ni 8.9 ileile, ikiwa imetolewa vile vipande vilivyokwishatangazwa na kusasishiwa maktaba ilizozitegemea. Watu wa Mwanza tumeuona utaratibu huu kwa macho: vivuko vya Kigongo–Busisi viliendelea kuvusha magari miaka yote nguzo za Daraja la J.P. Magufuli zikisimikwa, na safari ikahamia juu Juni 2025, kilomita 3 za daraja zilipokuwa tayari. Drupal 8 iliondoa kivuko kabla ya daraja. Drupal 9 haikufanya hivyo. Joomla nayo ilifanya kitu cha busara Agosti 2021: siku ileile ya kutoa toleo la 4.0 ilitoa 3.10, toleo la kuvukia, lenye kikagua kinachokuonyesha ni nyongeza zipi zilizo tayari kwa 4 na zipi hazijawa tayari.

WordPress ilichagua njia nyingine: kutovunja kabisa, kadiri inavyowezekana. PHP, lugha ambayo mifumo hii yote imeandikwa nayo, iliacha kuhudumia toleo lake la 5.2 mwanzoni mwa 2011, lakini WordPress iliendelea kulikubali hadi Mei 2019. Kwa waandishi wa msimbo ilikuwa adhabu, kwani walizuiwa kutumia chochote kilichobuniwa katika miaka hiyo yote. Kwa katibu muhtasi wa parokia aliyepewa tovuti bila kuombwa ushauri, ilikuwa heshima. Msimamo wangu uko wazi: taasisi isiyo na fundi wa kudumu ichukue mfumo unaobeba mzigo huo kwa niaba yake. Chuo au hospitali yenye kitengo cha TEHAMA na taarifa nyingi zenye mpangilio mgumu inaweza kunufaika na Drupal, mradi iwe imetenga fungu la matengenezo la kila mwaka.

Mtu anayeandika habari

Kusasisha na kutumia ni mambo yanayoshikana kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 waundaji wa WordPress waliwakalisha watumiaji mbele ya skrini na kufuatilia macho yao yalikokwenda. Matokeo yake ni menyu ya kushoto tuliyoizoea tangu 2.7. Mwaka huohuo Drupal nao walipima watumiaji katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na waliyoyaona yakaingia kwenye ujenzi wa Drupal 7. Tangu hapo wepesi mwingi umekuja kimyakimya kupitia masasisho. Toleo la 5.3 la 2019 hupunguza lenyewe picha yenye upande unaozidi pikseli 2,560, hivyo mwalimu akipandisha picha ya mahafali iliyotoka moja kwa moja kwenye simu, wazazi hawaimalizii bando. Tangu 4.7 ya 2016 kila mtumiaji anaweza kuchagua lugha yake ya dashibodi: katibu muhtasi akaweka Kiswahili, fundi akabaki na Kiingereza. Tafsiri hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, na ni mchango ambao mwalimu wa Kiswahili anaweza kuutoa bila kujua msimbo hata kidogo.

Sehemu nyingine ya wepesi iko mikononi mwa fundi. Anayeandika habari apewe nafasi ya mhariri, asipewe ya msimamizi. Mhariri haoni plagini wala themu, kwa hiyo hana cha kuvunja huko. Tangu 6.0 ya Mei 2022 fundi anaweza pia kufunga vipande vya ukurasa visisogezwe wala kufutwa, na kumwachia mhariri maandishi na picha tu. Mtu asiyeogopa kuharibu huandika mara nyingi zaidi.

Kwa tovuti iliyokwisha kuvurugwa

Je, tovuti ambayo fundi alishabadilisha kiini, na sasa imeachwa nyuma miaka mitano? Inaokoleka mara nyingi. Kwanza itengenezewe nakala ya majaribio kwenye anwani nyingine, kwa bakapu kamili ya faili na hifadhidata, na kazi yote ifanyike huko. Zana ya WP-CLI, inayoiendesha WordPress kwa amri za kuandika badala ya vitufe, ina amri ya wp core verify-checksums, ambayo hulinganisha kila faili ya kiini na alama zilizochapishwa na WordPress.org, ikataja iliyobadilishwa na iliyoongezwa. Orodha hiyo ni dhahabu. Iliyobadilishwa na fundi utaisoma, utaelewa alikusudia nini, na utahamishia kusudio hilo kwenye themu mtoto au plagini fupi. Faili usiyoielewa ambayo haimo kwenye kiini cha asili inaweza kuwa mlango ulioachwa na mdukuzi, hiyo isihamishwe.

Kisha ni kupanda kwa hatua, kwa sababu PHP na WordPress huvutana. WordPress 6.2 ndiyo ya mwisho kukubali PHP 5.6. Tovuti iliyokwama huko haiwezi kurukia toleo la leo. Ipandishwe kwanza hadi 6.2, plagini na themu zisasishwe, halafu PHP ihamishiwe 7.4 kupitia paneli ya hosti, ijaribiwe kila fomu na kila ukurasa muhimu, ndipo WordPress iendelee juu, na mwishoni PHP iingie kwenye matoleo ya 8 yanayohudumiwa. Plagini iliyoachwa na mwandishi wake itajulikana kwenye hatua ya PHP, maana hapo ndipo hukatika. Itafutiwe mbadala kwenye nakala ya majaribio, wakati wateja bado wanaiona tovuti ya zamani ikifanya kazi. Siku ya kuhamisha, zuia uchapishaji wa habari mpya kwa saa chache, chukua bakapu nyingine, rudia hatua zilezile kwenye tovuti halisi kwa mpangilio uleule ulioandika pembeni, na uache sasisho la kujiendesha likiwa limewashwa.